Mtungi wa gesi haukutiwa maji

Ukiutikisa mtungi wa gesi ulionunua Chake Chake, utasikia kitu kinachezacheza ndani. Basi muuza duka keshatukanwa: "Katutilia maji!" Masikini, kasingiziwa. Hiyo ni gesi yenyewe. Propeni na buteni, ndizo gesi zilizomo mtungini, zikishindiliwa, chembe zake hukaribiana mpaka zikashikana, zikawa kimiminika bila hata ya kutiwa baridi. Lita 1 ya propeni ya namna hiyo hutoa gesi lita 270 hivi. Ukifungua vali shinikizo hupungua, kimiminika kikachemka, propeni huchemka kwenye nyuzi -42, na kuchemka huko hula joto la mtungi. Ndiyo maana kwenye biriani la harusi mtungi hulowa kwa nje. Hayo ndiyo maji, lakini yametoka hewani: mvuke umegusa chuma baridi.