Kusoma Kuta za Dar es Salaam ya Zamani

Katika nyumba za mawe za Pwani, upana wa chumba uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko iliyonyooka yenye nguvu ya kubeba sakafu ni nadra kuzidi mita tatu, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Boma la Kale, pale Barabara ya Sokoine inapokutana na ya Morogoro, ni la ujenzi huo wa matumbawe, chokaa na boriti. Lilijengwa 1866–67, enzi za Sultani Majid bin Said. Majid alifariki 1870, ndugu yake Barghash akauacha mji, na kazi ikasimama.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Walikuja na mihimili ya chuma na zege, na vyumba vikapanuka. Ukiona dari pana ndani ya kuta nene za mawe, hapo chuma kimefichwa. Tatizo ni hewa ya chumvi: chuma kikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kwa mstari ulionyooka kufuata mhimili.

Mitaa nayo iligawanywa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, kisha za Waingereza, zilitaja aina ya nyumba, lakini mgawo ulikuwa wa watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mtu akikuambia uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kwa ajili ya hewa safi tu, amekueleza nusu. Ulitenganisha Uhindini na Kariakoo, upande wa Uswahilini. Barabara ya Samora imeitwa Unter den Akazien, Acacia Avenue na Independence Avenue, ila njia ni ileile.

Leo kinachoua kuta hizi zaidi ni lipu ya saruji. Tumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu hupanda juu zaidi, chumvi hugandia nyuma ya lipu na kuibandua vipandevipande, huku ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta zikioza bila mtu kujua. Barabara inayoinuliwa kwa kila tabaka la lami huzidisha balaa, maana sakafu hubaki chini na mvua huingia mlangoni.

Bandua saruji kwa patasi, si kwa nyundo kubwa, kisha acha ukuta ukauke kwa miezi, si kwa wiki. Changanya chokaa iliyolowekwa ikaiva, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Piga tabaka la sentimita moja hivi, ulifunike kwa magunia yenye maji siku kadhaa, ndipo upige la pili. Likikauka haraka juani litapasuka, na fundi atasingizia chokaa. Mwisho paka chokaa, si rangi ya mafuta.

Kuna pengo la kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Boma limeukosa mwaka huo kwa miaka mitatu tu. Majengo ya umri wake na ya baadaye hulindwa yakitangazwa kwenye Gazeti la Serikali, hivyo ulizia Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kung'oa hata fremu ya mlango.