Kuzima si kulala

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi mtaani Umoja, nikingoja zamu yangu. Jamaa aliyekuwa kitini akamwambia kinyozi kwamba ameacha pombe, wiki ya pili sasa, na ameanza kujuta. "Bosi, nikinywa nilikuwa nalala kama mtoto. Saa hii silali kabisa. Kumbe pombe ndiyo ilikuwa usingizi wangu." Wawili tuliokuwa nao kwenye benchi wakaitikia. Mmoja akamshauri arudie glasi moja tu ya usiku, "kama dawa."

Neno usingizi nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, kwenye matatu, matangani, hata kazini. Kila nikilisikia linaniuma, maana na mimi niliwahi kulisema vivyo hivyo, na nusura linirudishe baa.

Maana yake si ngumu. Usingizi ni hali ambayo ubongo huingia wenyewe, ukapitia hatua zake kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi, kisha ukatoka wenyewe. Ndani ya mzunguko mna usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Huo wa ndoto ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa mtu mzima huchukua karibu robo ya usiku. Aliye usingizini ukimtikisa, anaamka. Basi, ndiyo hiyo.

Kinachotukoroga ni kitenzi kulala. Kulala ni jambo la mwili, ni kuuweka chini. Mgonjwa amelazwa hospitalini hata kama hajafumba jicho wiki nzima. Mgeni analala kwetu hata tukikesha naye tukipiga soga hadi jogoo awike. Ugali wa jana umelala. Pikipiki ikianguka, tunasema imelala. Kutoka humo tukapata malazi, ambayo ni kitanda na paa tu. Ni neno la Kibantu la tangu jadi, hata Wazulu kule Afrika Kusini husema lala, na popote unapoligusa unakuta mwili uliotua mahali. Hakuna lilipoahidi usingizi.

Usingizi wenyewe Kiswahili huuweka pembeni, kama mgeni mwenye hiari yake. Unakuja. Unamchukua mtu, unampitia, au unamruka hadi asubuhi. Una vipimo vyake pia. Kuna lepe, ambalo mtu hulalamika hakulipata hata moja. Kuna mang'amung'amu, pale ambapo sauti za nje bado zinaingia masikioni. Kuna usingizi wa pono, yule samaki anayesifika kwa kulala sana. Halafu kuna ndoto, na ndoto mbaya ikikukalia kifuani inaitwa jinamizi. Lugha iliyopanga haya yote kwa uangalifu namna hii haikukusudia tuite usingizi kila mwili uliolala chali bila fahamu.

Kwa hali hiyo ya mwisho tuna maneno mengine, na mazuri. Vijana wa Nairobi husema "jana nilizima," na wamepatia kuliko mimi na rika langu. Stima ikizima haipitii hatua yoyote. Wazee wa tiba nao walikuwa na nusu kaputi, usingizi wa chumba cha upasuaji. Ndani yake mna neno la Kijerumani, kaputt, yaani kilichoharibika, lililoingia Kiswahili kupitia Tanganyika walipoitawala Wajerumani, njia ileile iliyotuletea shule. Nusu kaputi: mtu aliyeharibika nusu. Aliyelisema mara ya kwanza alimtazama mgonjwa mezani, akaona kwamba huyu hajalala, ameondolewa. Siku hizi tunasema dawa ya usingizi kwa ile ya upasuaji na pia kwa vidonge vya kumezwa usiku, na mpaka umefutika. Natamani nusu kaputi lirudi midomoni, kwa sababu pombe iko upande wake kuliko ilivyo upande wa pono.

Tazama inavyofanya kazi. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, na kuibana glutameti inayouchangamsha. Kwa hiyo mnywaji huenda chini upesi, na nusu ya kwanza ya usiku huwa nzito. Hapo ndipo watu husema wamelala kama watoto. Lakini usingizi wa ndoto umebanwa, na ini linaendelea kuiondoa pombe polepole, kama kipimo kimoja kidogo kwa saa. Sheria ya pombe ya Kenya ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka baa zifungwe saa tano usiku. Hesabu mwenyewe: ukifika kitandani saa sita, saa tisa au kumi dozi imeshuka na ubongo unadai ulichonyimwa. Moyo unakwenda mbio, koo limekauka, kibofu kimejaa maana pombe huongeza mkojo, ndoto zinakuja vipandevipande, na unageuka hadi matatu za kwanza zipige honi. Ukikoroma, ujue misuli ya koo imelegea na hewa inapita kwa shida. Mwenzako kitandani alikuwa akikusikia. Wewe hukuwepo.

Anayekunywa kila siku, ubongo wake haukai tu kuzimwa. Hujipanga kusukuma upande wa pili. Siku anapoacha, anakuwa kama aliyekuwa akisukuma mlango na wa upande ule akauachia ghafla: anaanguka mbele. Huko kuanguka ndiko jamaa wa kwa kinyozi anakuita kupoteza usingizi.

Usiku wangu wa tano naukumbuka hadi leo. Niliota niko kwenye meza ileile ya pembeni, glasi iko mkononi, baridi yake naihisi. Nikaamka ghafla nikinusa viganja vyangu nione kama vina harufu. Shuka lilikuwa limelowa hadi kwenye godoro, nikaligeuza upande mkavu, nao kabla ya asubuhi ukalowa. Nilisikia mlinzi wa geti akikohoa, nikasikia adhana, nikasikia jirani akiwasha jiko. Nilikuwa na hakika kwamba nimeharibika na sitalala tena. Hakuna aliyenieleza kwamba ndoto kali baada ya kuacha ni jambo la kawaida, kwamba ubongo ulionyimwa ndoto miezi na miaka huzilipiza kwa wingi ukiachiwa. Ningeambiwa, ningeogopa kidogo tu.

Kwa wengi, wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Ndoto hizo huendelea siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha hupungua makali. Muda wa kungoja usingizi uje nao hufupika taratibu. Kinachochelewa ni usingizi mzito. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka, unaweza kuchukua miezi mingi kurejea, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Hapo ndipo ushauri wa "glasi moja kama dawa" unapowaangusha watu, kwa kuwa glasi hiyo itafanya kazi kweli usiku wa kwanza. Baada ya siku chache inataka ya pili. Kinachosaidia hakina mvuto wa kusimuliwa: kuamka saa ileile kila siku hata kama hukupata lepe, kuacha chai na kahawa mapema, kuinuka kitandani usingizi ukikataa badala ya kung'ang'ana nao, na kumwona mtaalamu iwapo hali inaendelea. Vidonge vya usingizi visivyoandikwa na daktari, hapana.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hili linaua. Anayetetemeka asubuhi hadi atoe loki, yaani anywe tena, ndipo mkono utulie, asiache peke yake ghafla nyumbani. Kwa mtu kama huyo kifafa kinaweza kumpiga ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona visivyokuwepo, homa ikapanda, akili ikavurugika. Hilo si suala la usingizi tena, ni la hospitali, usiku huohuo. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, na anayepokea atakuelekeza pa kwenda.

Nilipomaliza kunyolewa nilimkuta yule jamaa bado yuko nje, anaongea na simu. Nikangoja amalize. Sikutaka kumkosoa mbele ya watu, na kwa kweli hakukosea ila neno.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "ulivyosema mle ndani, hukuwa unalala. Ulikuwa unazima. Sasa usiseme umepoteza usingizi. Sema haujarudi."

Akanitazama, akapangusa nywele zilizobaki shingoni. "Na hizi ndoto, mzee? Kila usiku naota nakunywa."

"Hizo," nikamwambia, "ndizo zimetangulia kufika."