Unatafuta "deni", MySQL inakwambia hakuna: indeksi ya maandishi inapokutana na Kiswahili

Meseji ya "bro FULLTEXT yangu haifanyi kazi" (yaani indeksi ya kutafuta maneno ndani ya maandishi kwenye databesi ya MySQL) naipata sana, na kila mara narudisha swali lile lile: haifanyi kazi vipi? Maana kuna inayogoma na kukupa hitilafu, kuna inayoleta vitu visivyohusika, kuna inayochelewa mpaka mtu anafunga ukurasa, na kuna ile inayorudisha sifuri kimya kimya wakati wewe unaiona rekodi kwa macho yako hapo kwenye jedwali. Hii ya mwisho ndo inasumbua watu wetu zaidi, na sababu kubwa ni kwamba mipangilio ya awali ya MySQL iliandaliwa kwa Kiingereza, sisi tunaiingizia Kiswahili halafu tunashangaa.

Ya hitilafu nipite haraka. Ukiona namba 1191, kwamba hakuna indeksi ya FULLTEXT inayolingana na kolamu zako, basi kolamu ulizoweka ndani ya MATCH, ile amri ya kutafuta, hazifanani na zile za kwenye indeksi. Indeksi ikiwa ya kichwa na maelezo kwa pamoja huwezi kutafuta kwenye maelezo peke yake, itabidi uipe indeksi yake. Basi, imeisha hiyo.

Sasa tuje kwenye sifuri. Watu wengi wakifika hapa wanaanza kuichezea kweri (ile amri ya kutafuta unayoituma kwa databesi), wanaongeza nyota, wanatoa jumlisha, wanabadilisha modi, usiku unaisha. Mi nasema acha kweri kwanza, nenda kaiulize indeksi ina nini tumboni, InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, inakuruhusu kuchungulia. Tuseme databesi inaitwa huduma na jedwali ni malalamiko:

SET GLOBAL innodb_ft_aux_table = 'huduma/malalamiko';
SELECT word, doc_count FROM information_schema.INNODB_FT_INDEX_TABLE WHERE word LIKE 'lip%';

Neno likiwemo, tatizo liko kwenye kweri yako. Lisipokuwemo hata ufanye nini kwenye kweri halitakuja. Ila angalia na INNODB_FT_INDEX_CACHE kabla hujapiga kelele, rekodi mpya zinakaa kwanza huko kwenye kashe na hazimwagwi diski mpaka kashe ijae, au seva izimwe vizuri, au uendeshe OPTIMIZE TABLE ukiwa umewasha innodb_optimize_fulltext_only. Na jedwali likiwa kubwa usiendeshe hizi kweri saa nne asubuhi kwenye seva ya kazi, utatafutwa.

Kitu kingine hapo hapo: utafutaji wa maandishi kwenye InnoDB unaona tu yaliyokwisha komitiwa, yaani muamala uliokwisha kuthibitishwa. Yaani ukiingiza rekodi na kuitafuta ndani ya muamala huo huo, huioni, hata kama SELECT ya kawaida inaiona. Majaribio ya programu yanayofungua muamala, kuingiza, kutafuta, halafu kurudisha nyuma yatafeli siku zote na hamna kilichoharibika.

Haya, kwa nini neno halimo? Sababu ya kwanza ni urefu. Tokeni (kipande cha maandishi kinachoingia kwenye indeksi) fupi kuliko herufi 3 InnoDB haiihifadhi, ndo maana ukitafuta "TV" unapata patupu. Unabadilisha innodb_ft_min_token_size kwenye my.cnf, faili la mipangilio ya seva, unaristati seva, halafu unajenga indeksi upya. Hiyo hatua ya tatu ndo inasahaulika, kubadili tu mpangilio hakugusi indeksi iliyopo. Na ukikuta maelezo ya zamani mtandaoni yanayosema herufi 4, au kwamba neno lililoko kwenye nusu ya rekodi zote linapuuzwa, hiyo ni MyISAM, injini ya zamani, InnoDB ilipata FULLTEXT kuanzia toleo la 5.6 na haina sheria hiyo ya nusu. Pia kuna ile alama ya ng'ombe na ng'ambo, simu nyingi zinaandika ile iliyopinda, parsa (ile inayokata maandishi kuwa tokeni) inaiona kama mpaka wa neno, inakata: "ng" inatupwa kwa ufupi, "ombe" inabaki.

Sababu ya pili ni lugha yenyewe, na hii siyo kosa la mtu. Indeksi ya namna hii ni kama ile orodha ya maneno nyuma ya kitabu, imepangwa kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo lipa* inaleta lipa, lipana, lipakodi kama yupo mtu kaandika hivyo. Lakini nani kwenye malalamiko anaandika "lipa" tupu? Wanaandika nimelipa, hajalipa, tulishalipa, nililipwa, malipo. Sisi tunabandika vitu mbele ya mzizi, na nyota ya MySQL inakaa nyuma tu, *lipa hamna kitu kama hicho. Kwa hiyo parsa ya kawaida kwa maandishi ya Kiswahili inakuwa nusu kipofu hata ikiwa nzima kabisa.

Dawa ambayo wengi wanaifikia ni parsa ya ngram, iliyokuja na 5.7.6 kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea. Yenyewe haijali maneno, inakatakata herufi mbili mbili: "mkopo" inakuwa mk, ko, op, po. Ukitafuta kwa modi ya BOOLEAN inazitafuta zikiwa zimefuatana, kwa hiyo "kopo" inaleta mkopo na mikopo kwa mpigo. Tamu sana! Mtu anajenga, anajaribu "mkopo", inakuja, anafurahi, anapeleka kwa watumiaji. Kesho yake huduma kwa wateja wanapiga simu, "lipa" haileti kitu, "deni" haileti kitu, "maji" haileti kitu.

Hapa sasa tulia. MySQL ina orodha ya maneno 36 ya kupuuzwa, unaiona kwenye INNODB_FT_DEFAULT_STOPWORD, ndani yake kuna a, i, de, en, be, on, la na wenzake. Kwa parsa ya kawaida orodha hiyo haina madhara makubwa kwetu. Kwa ngram sheria inabadilika: tokeni inatupwa ikiwa NDANI YAKE kuna neno la kwenye orodha. Yaani kila kipande chenye herufi a au chenye herufi i kinaenda jalalani. Fikiria Kiswahili bila a na i! Chukua "lipa": li ina i, ip ina i, pa ina a, limeisha lote. "Maji": ma, aj, ji, limeisha. "Deni" ndo inachekesha kabisa, de iko kwenye orodha, en iko kwenye orodha, ni ina i, kwa hiyo ukiiuliza databesi hakuna anayedaiwa nchi nzima. "Simu" inabakiwa na mu peke yake, ambayo iko pia kwenye muda na Musa na kumuona, itakusaidia nini? "Mkopo" ilipona kwa bahati tu kwa sababu haina a wala i. Na usidhani kuongeza ngram_token_size iwe 3 kutakuokoa, "lip" bado ina i.

Marekebisho ni kuzima orodha kabla ya kujenga:

SET SESSION innodb_ft_enable_stopword = OFF;
ALTER TABLE malalamiko DROP INDEX ft_maelezo;
ALTER TABLE malalamiko ADD FULLTEXT INDEX ft_maelezo (maelezo) WITH PARSER ngram;

Nimeandika SESSION makusudi. Ukiweka GLOBAL, muunganisho ulioko ndani yake haubadiliki, unajenga indeksi na orodha ile ile halafu unaapa kwamba umeizima. Na wakati wa kujenga jedwali halipokei maandishi mapya, kwa hiyo fanya usiku.

Gharama zipo. Indeksi inavimba, kuandika kunakuwa kuzito kidogo, na matokeo yanakuja na wageni: "lip" inaleta malipo na nimelipwa vizuri kabisa, ila inaleta na mlipuko wa transfoma na kila mteja anayeitwa Philip. Mi naona bora hivyo kuliko sifuri, mtu akiona Philip anaruka tu. Usitumie modi ya lugha ya kawaida na ngram lakini, hiyo inaleta chochote chenye kipande kimoja kinachofanana, balaa.

Kuhusu uchelewaji: ukifuta rekodi nyingi InnoDB haizitoi kwenye indeksi, inaandika pembeni tu kwamba zimefutwa, na kila utafutaji unazichuja. Ile OPTIMIZE TABLE niliyoitaja ndo inasafisha, maneno 2000 kwa mkupuo usipobadilisha, kwa hiyo kwenye jedwali kubwa utairudia mara kadhaa.

Walioko PostgreSQL, usiache usanidi wa english kwa maandishi ya Kiswahili, weka simple, na kwa hili la mizizi ya katikati tumia pg_trgm na indeksi ya GIN, LIKE '%lipa%' itatumia indeksi bila haya yote.

Na kama una riplika, yaani seva ya nakala inayofuata seva kuu, ile SET SESSION haisafiri. Riplika inapokea ALTER TABLE na kuijenga kwa mpangilio wake yenyewe, kwa hiyo unapata "deni" kwenye seva kuu na hulipati kule ripoti zinakosomwa. Bakapu ya mysqldump nayo ni hivyo hivyo, inabeba WITH PARSER ngram lakini haibebi kuzimwa kwa orodha. Weka innodb_ft_enable_stopword=OFF kwenye my.cnf ya seva zote kabla hujagusa indeksi.