Je, wajua kwa nini watu wa Visiwa vya Marshall huita mionzi "sumu"?

Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Lugha ya wenyeji haikuwa na jina la kile mabomu yalichoacha nyuma. Neno lililoshika ni *paijin*, yaani sumu, walilolitohoa kutoka Kiingereza.

Linaeleweka upesi, na kwa tukio moja lilifaa kabisa. Tarehe 1 Machi 1954 bomu la Bravo liliwamwagia watu wa Rongelap, kimojawapo cha visiwa hivyo, majivu meupe. Watoto waliyachezea. Baadaye ngozi zikababuka na nywele zikanyonyoka.

Lakini kinachobaki udongoni miaka mingi baadaye hakichomi wala hakinuki, na nazi iliyokibeba ni tamu vilevile. (Kiswahili nacho kina mtego wake: "mionzi" yetu ni ileile ya jua, na jua la asubuhi nani analiogopa?)

Kisiwa cha Bikini, palipolipuliwa baadhi ya mabomu hayo, ndicho kilichoonyesha ugumu huo. Mwaka 1968 Rais Johnson wa Marekani alitangaza kwamba wenyeji, waliokuwa wamehamishwa kupisha majaribio, wanaweza kurudi. Baadhi ya familia zikarudi, na 1978 zikaondolewa tena kwa kuwa miili yao ilikuwa imekusanya seziamu nyingi, yaani elementi yenye mionzi iliyoachwa na mabomu. Udongo wa matumbawe una potasiamu haba, na seziamu hufanana nayo kikemia, basi mnazi wenye njaa huifyonza na kuipeleka kwenye tunda. Ndiyo maana unaweza kutembea ufukweni bila hatari kubwa, ilhali kuishi kwa kula nazi za pale ni habari nyingine.

Wataalamu walikuja na wastani wa mwaka na vipimo vya maabara. Mwenyeji alikuwa na swali moja: nazi hii, nile au nisile?

Kutafsiri tu hakutoshi, maana anayesema "ni salama" ndiye aliyelipua bomu. Watu wa Rongelap, waliohamishwa baada ya Bravo, waliambiwa hivyo 1957, wakarudi, na 1985 wakahama wenyewe kwa meli ya shirika la mazingira la Greenpeace. Kwangu, kilicho karibu zaidi na jibu ni vituo vya kupima mwili vinavyoendeshwa na mafundi wa Kimarshall chini ya mpango wa Lawrence Livermore, maabara ya Marekani: mtu huketi mbele ya mashine dakika chache, kisha huambiwa kwa lugha yake kiasi cha seziamu kilichomo mwilini mwake.