Je, wajua kwa nini kabati lenye nguo chache ni nafuu kwa Ziwa Tanganyika?

Sehemu kubwa ya madhara ya nguo hutokea kabla hujaitia mkononi. Fulana moja ya pamba, kwa wastani wa dunia, hutumia takribani lita 2,700 za maji tangu shambani hadi kiwandani, yaani madumu 135 ya lita 20. Poliesta haitaki maji mengi hivyo, lakini ni plastiki ya mafuta ya petroli, na kila ikifuliwa hupukutisha nyuzi ndogo zisizooza. Kwa mkazi wa Kigoma hilo liko mlangoni: Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa mvuke, na plastiki hubaki.

Basi nguo ngapi zinatosha? Hesabu ifuate ratiba ya kufua. Anayefua mara moja kwa wiki anahitaji mashati au blauzi 7, na 2 za akiba, maana wakati wa mvua nguo hushinda kambani hata siku mbili bila kukauka. Suruali au sketi 4 zinatosha, kila moja ikivaliwa siku mbili. Ongeza sweta moja na nguo mbili za shughuli. Khanga na vitenge vya nyumbani tusiviingize humo. Vina kazi nyingi mno. Kwa vumbi letu jekundu, chagua kahawia, kaki au bluu iliyokoza. Nyeupe hulazimisha kusuguliwa kwa dawa, na dawa hiyo ndiyo inayokula uzi.

Usigawe nguo siku ya kwanza. Wanaofanya hivyo hurudi sokoni mwezi unaofuata. Kila ukimaliza kufua, rudisha nguo juu ya rundo. Baada ya miezi mitatu, zilizobaki chini kabisa ndizo usizozivaa. Sweta tu ndiyo isubiri majira yake.

Mtumba ni njia nzuri, kwa kuwa nguo tayari imeshatengenezwa. Tatizo ni kubeba tano kwa sababu ni rahisi. Lebo ikiwa imekatwa, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, uuwashe. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta husinyaa, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko.

Kinachojaza makabati yetu zaidi, kwa kweli, ni sare za harusi: kitenge kinashonwa, kinavaliwa mara moja, kinakunjwa. Mwambie fundi mapema: mshono wa kawaida usio na mapambo mengi, na akiba ya sentimita 2 hadi 3 kila upande wa ndani. Akiba hiyo ndiyo itakayoruhusu gauni kuachiwa ukinenepa, na bila hiyo halina pa kutanuliwa.

Nguo chache hufuliwa mara nyingi, hivyo huchakaa upesi zikitendewa vibaya. Zigeuze ndani nje, ziloweke dakika 20 badala ya kuzisugua kwa nguvu, uzianike kivulini. Jua kali hupausha rangi na kudhoofisha uzi. Nguo mpya za poliesta hupukutisha zaidi mifuo ya mwanzo, kwa hiyo usizifulie ufukweni. Maji yake yamwage kwenye shimo la udongo mbali na ziwa.

Shati likichanika kwenye mkunjo wa kola, bado halijafa. Fundi hufumua mshono unaoshika kola, huigeuza upande wa chini uje juu, kisha huishona palepale. Kitambaa kilichokuwa kimejificha hakijaguswa na jasho wala ndevu, na shati hurudi kazini.