Tabaka la molekuli usoni si fosforasi ndani ya fuwele

Tabaka la molekuli ogania juu ya nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kuliko kioo lakini chini ya metali) ni molekuli za kaboni zilizoshika uso wa silikoni, galiamu asenidi au oksidi fulani kwa mguu mmoja, zikajipanga bega kwa bega, unene wa nanomita moja au mbili hivi. Zinabadilisha nishati ambayo elektroni inahitaji ili ivuke uso huo. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni kusikia tabaka hili likielezwa kana kwamba ni sawa na kutia fosforasi au boroni ndani ya silikoni. Si sawa hata kidogo. Fosforasi huingia kwenye fuwele yenyewe, ikakalia nafasi ya atomu ya silikoni na kuacha elektroni ya ziada inayozunguka huru. Boroni huacha pengo la elektroni. Molekuli za usoni haziingii popote. Kila moja ina ncha yenye chaji chanya kidogo na ncha yenye chaji hasi kidogo, na zote zikielekea upande mmoja, huzaa tofauti ya volti papo hapo mpakani. Kwenye galiamu asenidi, mkia (ncha isiyoshika uso) wenye siano, kundi la atomu linalovuta elektroni, huufanya uso uzing'ang'anie elektroni zaidi. Weka methoksi, kundi jingine la atomu linalotoa elektroni, na mambo yanageuka. Fuwele ni ileile, mkia tu ndio umebadilika.

Ni kweli zipo molekuli zinazopokonya elektroni zilizo karibu na uso, na athari yake hupenya kina kidogo. Hata hivyo, hakuna atomu iliyohama kuingia ndani.

Mwaka 2020 watafiti wa Helmholtz-Zentrum Berlin, kituo cha utafiti cha Ujerumani, wakishirikiana na wanakemia wa Kaunas, Lithuania, walitangaza seli ya jua ya perovskaiti (aina ya fuwele inayofyonza mwanga) juu ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 29.15. Chini ya perovskaiti waliweka tabaka la molekuli iitwayo Me-4PACz. Molekuli hiyo ina fosforasi, na nadhani hapo ndipo wengi wanapoteleza. Fosforasi yake iko kwenye mguu wa asidi unaoshika oksidi ya indiamu na bati. Haitoi elektroni kwa silikoni iliyo chini. Kwa hiyo unapoieleza seli ile, anza na uso, kisha useme ni uso wa kitu gani.