"Hata Hakujui, Unamlilia Nini?" Dhana Potofu Kuhusu Msiba wa Mashabiki

Kila anapofariki msanii mkubwa wa roki, sentensi hiyo hiyo huingia kwenye chumba cha ushauri nasaha. Anayeileta kwa kawaida si shabiki mwenyewe, ni mumewe, mama yake au mkuu wake wa kazi: "Hata hakujui, unamlilia nini?" Husemwa kwa kicheko kidogo, kana kwamba mjadala umekwisha. Kauli hii tutakaa nayo kwa kirefu, kwa sababu inaumiza watu wengi kuliko dhana nyingine zote zitakazofuata hapa.

Dhana: huwezi kufiwa na mtu usiyefahamiana naye.

Wanaosema hivi wanadhani moyo hausogei mpaka upande wa pili nao ukujue. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza jinsi msikilizaji wa redio na mtazamaji wa televisheni wanavyojenga uhusiano wa upande mmoja na mtu wanayemsikia au kumwona kila mara. Wanazijua tabia zake, wanabashiri atakachosema, wanamtengea nafasi katika siku yao. Yeye hajibu, lakini mazoea ni mazoea. Sauti iliyokuwa masikioni mwako kila asubuhi ndani ya daladala kwa miaka 20 imepata muda wako mwingi kuliko shangazi unayemwona harusini tu. Shangazi huyo akifariki, hakuna atakayekuuliza unalia nini.

Muziki una la ziada. Kumbukumbu zinazobaki na nguvu hadi uzeeni ni zile za kati ya miaka 10 na 30 hivi, na ndicho kipindi ambacho wengi hujichagulia bendi ya maisha yao. Wimbo wa wakati ule huhifadhiwa pamoja na bweni, rafiki, mapenzi ya kwanza, baba aliyekuwa bado hai. Mtu wa miaka 50 aliyelia tarehe 11 Januari 2016, habari za kifo cha David Bowie, mwimbaji wa roki Mwingereza, zilipotangazwa, hakuwa akimlilia Bowie peke yake. Alikuwa anayalilia pia maisha ambayo sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia. Kumwambia "hakujui" ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza.

Halafu kuna suala la msiba wenyewe kukosa pa kukaa. Mtazame Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Taarifa kwamba ana UKIMWI ilitolewa tarehe 23 Novemba 1991, na jioni ya siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Kensington, London. Mashabiki walipewa takriban siku moja tu ya kujiandaa. Tarehe 27 alifanyiwa ibada ya Kizoroasta, dini ya wazazi wake, mbele ya watu wachache wa karibu. Mwili ukachomwa, na mahali majivu yalipowekwa hapajatangazwa mpaka leo. Bowie naye alichomwa bila mazishi ya hadhara. Familia zilikuwa na haki zote, na anayezilaumu akosoe kwanza adabu zake. Lakini tazama upande wa shabiki: hakuna kaburi, hakuna matanga, hakuna wa kumpa mkono wa pole, na kesho saa mbili yuko kazini.

Hali hii Kenneth Doka, mtaalamu wa majonzi, aliiandikia mwaka 1989: majonzi ambayo jamii haiyatambui. Hayapungui kwa kunyimwa nafasi. Huhamia kwenye usingizi, kwenye maumivu ya kichwa, kwenye ugomvi wa jikoni. Ndiyo maana yule mume aliyecheka hurudi wiki chache baadaye akilalamika kwamba mkewe amekuwa mkali bila sababu. Sababu anayo yeye.

Kwa Mercury kulikuwa na uzito zaidi. Mwaka 1991 ilikuwa nadra UKIMWI kutajwa bila "alijitakia". Shabiki aliyekuwa na virusi, au aliyekuwa akimuuguza ndugu, alipowasikia wenzake wakisema hivyo kuhusu mwimbaji alijua wanamhukumu na yeye, akanyamaza. Kwa hiyo ukienda kumhani shabiki, maneno mawili yaache nyumbani: "alijitakia" na "angalau alikuwa tajiri".

La kufanya ni rahisi na halizidi dakika 15. Mpe pole kama unavyompa mfiwa yeyote, na umtaje msanii kwa jina lake. Muulize ni wimbo gani na alikuwa wapi alipousikia mara ya kwanza, kisha nyamaza umsikilize. Hulazimiki kuupenda muziki wenyewe. Kinachoharibu ni haraka ya kufariji: watu humkatiza mtu kwenye sentensi ya pili, wakati jambo lenyewe mara nyingi liko kwenye ya tano.

Dhana: ukisikiliza nyimbo zake unajitonesha kidonda.

Kinachotonesha ni simu. Shabiki hucheza wimbo mmoja mara 30 huku akisoma nani alimkuta, alikuwa amevaa nini, daktari alisema nini. Hapo akili inazunguka palepale, haiombolezi. Chagua albamu moja, weka simu chumba kingine, isikilize tangu mwanzo hadi mwisho. Ni dakika 40 hivi. Ukilia, lia, albamu ina mwisho, na kilio nacho hupata mwisho wake. Habari za kifo zipe nusu saa kwa siku, tena mchana. Ukizisoma kitandani usiku wa manane usitegemee kulala.

Dhana: kuna hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kubembeleza, sonona, kukubali), na lazima uzipitie kwa mpangilio.

Hii inachosha. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipochapisha hatua zile mwaka 1969 alikuwa amewasikiliza wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa, sembuse mashabiki. Mfiwa huenda na kurudi: asubuhi analia, mchana anacheka na wenzake, jioni ana hasira kwa sababu ugonjwa ulifichwa. Hasira ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa msanii anapokuwa amefanya siri. Hakuna hatua uliyoiruka.

Dhana: wanaokusanyika na maua ni wapweke wasio na kazi.

Waliojaa Brixton, mtaa wa London aliozaliwa Bowie, usiku ule wa Januari waliimba pamoja barabarani. Tarehe 20 Aprili 1992, karibu miezi 5 baada ya Mercury kufariki, watu wapatao 72,000 walijaa uwanja wa Wembley kwa tamasha la kumkumbuka, na fedha zake zikaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI. Hayo ndiyo matanga, yamechelewa tu. Kwa kuwa majivu ya Mercury yalipo hapajulikani, watu huenda kwenye sanamu yake Montreux kando ya Ziwa Geneva, au Shangani, Mji Mkongwe. Wanaoita safari hizo kuabudu sanamu tuwaache.

Dhana: msanii akijiua, usilizungumze na vijana, utawapa wazo.

Hapa ubishi una hatari. Habari za kujiua kwa Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, zilipotoka tarehe 8 Aprili 1994, mji wake wa Seattle, Marekani, uliogopa wimbi la vijana kumfuata. Siku mbili baadaye maelfu walikusanyika hadharani kumlilia, na huduma za dharura za ushauri zikatangazwa waziwazi. Watafiti walipochunguza baadaye, simu za kuomba msaada zilikuwa zimeongezeka sana, lakini idadi ya waliojiua katika eneo lile haikupanda. Kwingineko imewahi kupanda, hasa pale vyombo vya habari vilipoeleza namna kifo kilivyotokea na kukipamba. Kwa hiyo kinachodhibitiwa ni namna ya kuzungumza. Sifu kazi yake, usisifu kifo chake, usieleze alivyofanya, na taja pa kupata msaada. Ukimwona kijana amebadilika, muulize moja kwa moja: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo. Wengi hushusha pumzi wanapoulizwa.

Dhana: akizidi mwezi, amechanganyikiwa.

Hata vitabu vya uchunguzi wa kitabibu havina haraka hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaji majonzi ya muda mrefu kabla ya miezi 6, na wa Marekani, kwa mtu mzima, kabla ya mwaka. Yote miwili inazungumzia kifo cha mtu wa karibu, kwa hiyo kumbandika shabiki jina hilo hovyo ni kazi mbovu. Angalia maisha yake ya kila siku. Kama kwa wiki 2 mfululizo halali, hali chakula, haendi kazini au shuleni, mlete kwenye ushauri nasaha. Mara nyingi utakuta chini yake kuna msiba wa zamani ambao haukuliliwa, au sonona iliyokuwepo kabla. Lakini akisema anataka kumfuata msanii wake, wiki 2 hazipo tena. Asiachwe peke yake, ondoeni karibu yake anachoweza kujidhuru nacho, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.